Kijitabu cha maswali 600 ya usaili wa ualimu: nimekinunua, nimekisoma chote, kumbe ni mtihani wa India

Haya walimu wenzangu wa mtaani, leo naongelea kile kijitabu cha "maswali 600 ya usaili wa walimu", kile cha jalada la bluu chenye nembo ya taifa mbele kama vile kimetoka wizarani. Nimeulizwa na watu kama kumi hivi nikinunue nisikinunue, wengine mnanipigia saa nne usiku, sasa naandika mara moja tu. Jina la steshenari sitaji, na vitabu vya aina hii viko steshenari nyingi tu, kwaiyo shida sio duka moja.

Mi nimenunulia apa apa Dodoma, elfu kumi na tano, alianza na ishirini. Siku iyo nilikua natoka shule ninayojitolea kule Nzuguni, jua la saa nane, upepo na vumbi lile mnalolijua, nikapita kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Kaka wa steshenari akaniangalia akasema, "Ticha, usaili unakuja we unatembea mikono mitupu?" Nikamuuliza amejuaje mi ticha. Akanionesha sketi yangu, ilikua na chaki nyuma. Basi apo kashanikamata. Akashusha sauti akaniambia haya ndo yenyewe dada angu, yametoka ndani, kuna mtu wetu. Sikumuamini hata kidogo ila nikatoa hela, maana ukishakaa miaka mitano toka umalize chuo utanunua hata upepo ukifungiwa kwenye mfuko wa rambo.

Kwa wasiojua, zamani walimu tulikua tunapangiwa tu, unaomba, majina yanatoka TAMISEMI, unabeba begi unaenda kituoni. Mwanzoni mwa 2025 ndo walimu tukaanza kupigwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira, mchujo wa kuandika kwanza alafu mahojiano, na tupo wengi sana kuliko nafasi. Apo ndo biashara ya vijitabu ikapamba moto. Mtu ambae mwaka juzi alikua anatoa kopi na kuuza bahasha leo ni mtaalamu wa usaili.

Sasa turudi kwenye kitabu chenyewe. Nimefika nyumbani, nimekula, nimewasha taa, nikafungua ukurasa wa kwanza na kalamu mkononi kama mwanafunzi wa necta. Kipo kwa Kiingereza chote, na mi ni mwalimu wa msingi nafundisha kwa Kiswahili, lakini sawa, nikasema tukomae. Swali moja linasema Juma ameachia mpira ukaanguka chini, ni nguvu gani imeuvuta? Majibu manne, la tatu limeandikwa gJumaty.

Nikasoma mara tatu. Nikajua labda ni neno jipya la mtaala mpya, si unajua sisi tuliomaliza siku nyingi tunaogopa hata mtaala. Nikaenda kwenye kamusi ya simu, hakuna. Nikaenda Gugo, Gugo nayo ikashangaa. Nikalala nalo. Kesho yake niko kwenye daladala la Jamatini ndo likanijia lenyewe: jamaa alichukua faili la watu wengine, kila palipoandikwa jina la Kihindi Ravi akaiamuru kompyuta iweke Juma, na kompyuta haina akili ya kujua kwamba gravity (nguvu ya uvutano) ina ravi katikati yake. Nilicheka peke yangu mpaka mama aliekaa pembeni akasogea.

Baada ya apo nikaanza kukisoma kama mpelelezi. Palipoandikwa India nako kaweka Tanzania, basi Tanzania ina majimbo 28. Mto Ganges unapita Tanzania. Bahari ya Hindi imekua Bahari ya Tanzania, iyo niliipenda kidogo kusema ukweli. Kalamu dazeni moja shilingi 60, nani ataniuzia kalamu shilingi tano, maana rupia zote zimefanywa shilingi bila hata kuongeza sifuri. Juma anasherehekea Bihu na familia yake, je yupo jimbo gani? Jibu Assam. Juma huyuhuyu swali linalofata yupo Kerala anakula Onam. Ana nauli huyo Juma.

Ila kilichonithibitishia kabisa ni koma. Kwenye hesabu wameandika 1,00,000. Sisi laki moja tunaandika 100,000, koma inakaa kila baada ya tarakimu tatu, wenzetu India baada ya zile tatu za mwisho wanakata mbilimbili, kwasababu wao wanahesabu kwa laki na krore. Na neno laki lenyewe sisi tumelitoa kwao, wafanyabiashara walilileta pwani na bidhaa zao, tukalichukua neno tukaacha koma. Krore ni laki mia, wanaandika 1,00,00,000, ambayo sisi ni milioni kumi. Sasa fikiria mwalimu wa hesabu umekariri iyo ukaenda kuiandika ubaoni darasa la nne siku ya usaili wa vitendo.

Kitu kingine ni namba. Maswali 600, lakini kila baada ya 150 mpangilio unarudi mwanzo: 30 ya makuzi ya mtoto na ufundishaji, 30 ya lugha ya kwanza, 30 lugha ya pili, 30 hesabu, 30 mazingira. Mara nne. Nikaandika swali moja zima kwenye Gugo nikaondoa Juma nikarudisha Ravi, likaja moja kwa moja: mtihani wa kupima sifa za ualimu wa India, wao wanaita TET.

Apa nieleze vizuri maana ndo inasaidia kujua unanunua nini. India walipitisha sheria ya haki ya elimu mwaka 2009, RTE, ikaanza kutumika Aprili 2010, inasema mtoto wa miaka 6 mpaka 14 asome bure na ni lazima. Baada ya iyo wakasema mwalimu wa darasa la 1 mpaka la 8 diploma yake peke yake haitoshi, afaulu TET kwanza. Upo wa taifa zima unaoendeshwa na CBSE, bodi yao ya elimu ya sekondari, unaitwa CTET, ulianza 2011, na majimbo nayo yana yake: Uttar Pradesh wana UPTET, Rajasthan REET, Kerala KTET, Tamil Nadu TNTET, na kadhalika. Karatasi ya kwanza ni ya wanaotaka kufundisha la 1 mpaka la 5, ya pili ni la 6 mpaka la 8, anaetaka zote anafanya zote. Kwenye iyo CTET ni maswali 150 ya kuchagua, masaa mawili na nusu, ukikosea hukatwi, na ufaulu ni asilimia 60, yani 90 kati ya 150.

Na kufaulu TET kule sio kupata kazi!! Unapata cheti kwamba unafaa kuajiriwa, kazi unaiomba upya kwa utaratibu mwingine. Mwanzo cheti kilikua kinakaa miaka saba kinakufa unarudia, mwaka 2021 wakatangaza kinadumu maisha na wakarudisha nyuma mpaka waliofaulu toka 2011. Nilivyosoma iyo nikawaonea huruma nikajionea huruma na mimi, kumbe mtaa ni mtaa popote duniani. Kwaiyo ule ni mtihani wa kukuweka kwenye kundi la wanaofaa, huu wetu unagombania nafasi na mwenzio aliekaa dawati la pembeni. Na karatasi za zamani za CTET pamoja na majibu yake wenyewe wanaziweka kwenye tovuti yao bure. Bure jamani. Elfu kumi na tano yangu ilikua ni ya bando, wino na ile waya ya kubandia.

Sasa apa ndo pa hatari, na ndo sababu hasa ya kuandika yote haya. Kucheka gJumaty utacheka, lakini kuna majibu ambayo hayachekeshi, ukiyakariri unaangukia pua, maana yanafanana kabisa na ya kwetu. Mfano viboko. Kuna maswali kama manne yanauliza mwalimu afanye nini mwanafunzi akikosea, na ufunguo unasema sheria inakataza adhabu ya kupiga kabisa. Ni kweli, RTE ya India inakataza, kupiga na hata kumsumbua mtoto kiakili. Kwetu kuna kanuni za mwaka 2002: viboko visizidi vinne, anachapa mwalimu mkuu au mwalimu aliemruhusu kwa maandishi, na inaandikwa kwenye kitabu. Upende usipende iyo ndo kanuni, ukiulizwa kanuni jibu kanuni. Nilimuonesha mama yetu mwalimu mkuu pale shuleni akavua miwani akasema, "Mwanangu, ukienda kunijibu hivi kwenye mahojiano watajua umesoma shule ya nani?" Nikamwambia mama ya India, akasema haya basi waombe India wakuajiri.

Uwiano wa mwalimu na wanafunzi nao: kitabu kinasema 1 kwa 30 msingi, iyo ni ya RTE. Sisi kiwango ni 1 kwa 45 (na mi apa ninaejitolea nina watoto 97 darasa la pili, tuyaache). Kuna swali lingine mwalimu anaruhusiwa kazi zipi nje ya kufundisha, jibu lao ni sensa, maafa na uchaguzi. Ilo nililiangalia nikakumbuka sensa yetu ya 2022 walimu tulivyozunguka na vishikwambi, ila kukumbuka sio kusema sheria yetu ndo imeandika ivyo. Kwa kifupi chochote chenye neno sheria, kamati, mtaala, idadi ya siku, chana. Soma Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023, soma mtaala ulioanza Januari 2024, soma maadili ya utumishi. Ivyo kwenye kijitabu havimo hata mstari mmoja, na kinajiita kitabu cha usaili wa Tanzania.

Mpaka apa mnasubiri niseme kitupeni. Hapana. Zile 30 za mwanzo za kila karatasi, za makuzi ya mtoto, jumla 120, nimezirudia mara mbili na ntazirudia tena. Aisee wale watu wanajua kutunga swali. Chuo sisi tulikua tunaulizwa "taja hatua nne za Piaget za kukua kwa akili ya mtoto", unataja, unapata maksi zako, unasahau. Wao wanakuletea mtoto. Wanakuambia mtoto ameona maji yakimiminwa kutoka kikombe kipana kwenda kirefu, anasema ya kirefu ni mengi, je yupo hatua gani na amekosa nini? Apo kukariri hakukusaidii, lazima umuone mtoto kichwani.

Mi nikasema ngoja nione. Kesho yake nikaenda darasani na chupa ya maji na bakuli la plastiki, watoto wangu la pili, wengi wana saba, nane. Nikamimina mbele yao. Nikauliza wapi maji mengi. Darasa zima "kwenye chupaaa!" Nikarudisha kwenye chupa mbele ya macho yao, nikauliza tena, wakagawanyika wakaanza kubishana, alafu kuna kabinti kamoja kanakaa nyuma huwa hakasemi kitu kakasimama kakasema "mwalimu si ni yaleyale umeyahamisha". Nilisikia kama nimeajiriwa. Yani Piaget yule Mswisi niliemkariri miaka mitatu nikamuona kwa macho Nzuguni kwenye bakuli la mboga: kwake miaka miwili mpaka saba mtoto anadanganywa na urefu, saba mpaka kumi na moja anaanza kushika kwamba kitu hakibadiliki kwa kuhamishwa, na kweli hawavuki siku moja, kila mtu na siku yake.

Kuna lingine la mtoto anaegeuza b na d. Kwa Kiingereza mfano wao haukunigusa, ila nikafikiria wangu wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), mtoto nimemwambia andika dada ameandika baba, na mimi nimemuwekea kosa jekundu kubwa nikamwambia aache utani. Ufunguo unasema usimuadhibu, usimlinganishe na wenzake, angalia kama inajirudia, inaweza kua ni shida ya kusoma inayohitaji msaada wa peke yake. Nilirudi kwenye madaftari nikakuta kajirudia mara sita. Sita! Na mi nimeweka kosa jekundu mara sita.

Na lugha ya nyumbani. India lugha ni nyingi kuliko hata zetu na kwenye majibu yao mtoto akija na lugha ya kwao jibu sahihi siku zote ni kuitumia kama daraja, sio kumkataza. Mi nimesoma Chamwino, sisi ukiongea Kigogo darasani unavalishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwingine umhamishie. Swali ilo nililijibu vibaya mara ya kwanza, na nilijibu vibaya kwa kujiamini.

Ukishafanya kama 60 utagundua ujanja wake, na huu nawapa bure: majibu yao yanaenda upande wa mtoto. Chaguo lenye mtoto anajaribu, anagundua, anajadili na mwenzie, kwa msaada kidogo wa mwalimu alafu msaada unapunguzwa, mara nyingi ndo lenyewe, apo ni mambo ya Vygotsky, mwanasaikolojia wa makuzi ya watoto. Chaguo lenye adhabu, kukariri, kumtangaza mtoto mbele za watu, au lenye "pekee" na "siku zote", mara nyingi sio. Sio kila swali, msije mkanitafuta.

Hesabu zake ni nzuri wastani, zile za namna ya kufundisha sehemu na kujua mtoto alikosea wapi ndo zina akili, za kukokotoa ni za kawaida. Mazingira ruka, ni chakula, nyumba, safari na sherehe za India, kuna michoro ya Madhubani na nini, utajua vitu vizuri vya kuongea na watu ila sio vya usaili. Lugha ya pili ruka.

Alafu kuna darasa la Jumamosi ambalo wanaenda nalo sambamba, elfu tano kwa siku, nimehudhuria moja. Chumba kimoja, watu arobaini, feni moja, mkufunzi anasoma kijitabu hikihiki kwa sauti. Alivyofika gJumaty akasoma "gi-jumati" akaendelea. Sijarudi.

Usaili wangu nishafanya. Maswali siwezi kuyaleta apa, ila neno kwa neno kutoka kwenye kijitabu halikuja hata moja, kwaiyo ile ya "yametoka ndani" ni uongo wa biashara. Ila kwenye mahojiano nilivyoulizwa habari za mtoto anaechelewa kusoma niliongea na sikutafuta maneno, niliwaambia ya baba na dada. Matokeo bado, tuombeane.

Wiki iliyopita nimerudi steshenari na kitabu changu kimejaa wino mwekundu. Nilienda kwa hasira nidai hela yangu, nikamfungulia gJumaty. Kaka wa watu akaangalia, akaita mwenzie ndani, wakaangalia wote, wakacheka kuliko mimi. Akakiri faili alitumiwa wasapu na mtu, yeye hata hajui Ravi ni nani. Alafu akaniambia, "Sasa ticha, si unisahihishie? Ntakupa kopi bure mpaka uajiriwe." Nikamwambia aondoe nembo ya taifa kwanza, aandike mbele kwamba ni maswali ya India ya kujifunzia, atoe mazingira na lugha ya pili, abakize makuzi ya mtoto na hesabu, na bei ishuke iwe elfu nne. Tukabishana sana kwenye elfu nne, tukaachana na elfu sita.

Kwaiyo kile cha bluu kwa elfu kumi na tano, nyota moja na nusu, msinunue, mkiwa na bando karatasi zenyewe ni za bure. Kipya jalada la kijani, elfu sita, nampa tatu na nusu kama huna simu ya maana au macho yako hayawezi kusoma kwenye kioo. Nembo imetoka, majimbo 28 yametoka, Juma karudi kua Ravi. Swali la 41 mpaka 44 za viboko bado zina jibu la India kwasababu nakala mia za kwanza alishaprinti kabla sijamaliza, kwaiyo ukinunua cha kijani angalia iyo kurasa, kama haina mstari wa kalamu pembeni mwambie akubadilishie.